Je, Eneo Litakuwa Wazi kwa Umma?

Swali la tisa ndilo lililotukwamisha.

Tulikuwa Lembeni nyumbani kwa baba mdogo, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na mbili, ule wakati ambao watoto wa Upareni walioko Dar, Arusha na Tanga wanarudi nyumbani kuhesabiana. Makande yalikuwa jikoni tangu alfajiri. Wazee wamekaa chini ya mwarobaini kwenye viti vya plastiki, na mimi nimepewa meza, kalamu na fomu, kwa sababu moja tu: "Wewe si ndiye unayeandikaandika mtandaoni?" Ukishajulikana kuwa unaandika, ndugu msomaji, utaandika kila kitu: wasifu wa marehemu, hotuba ya harusi, barua ya kudai mafao. Safari hii yalikuwa maombi ya ruzuku.

Fomu aliileta binamu yangu. Upo mfuko, alisema, jina lake tuliache, unaopitisha fedha za serikali kwa ajili ya kuhifadhi majengo ya kale, maeneo ya historia na mikusanyo ya vitu vya zamani. Sisi ukoo wetu una eneo. Kwa nini tusiombe?

Maswali manane ya mwanzo yalipita. Lile la "mmiliki ni nani" lilitugharimu dakika arobaini, maana watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na siku ile hatukuwaangusha. Kisha nikasoma kwa sauti: "Je, eneo litakuwa wazi kwa umma? Kama ndiyo, eleza siku, saa na utaratibu wa wageni."

Baba mkubwa, ambaye tulidhani amesinzia, akafungua macho. "Wazi vipi?"

Hakuna aliyemjibu. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu, limechelewa sana.

*

Wengi mnaijua Lembeni kwa dirisha la basi. Ukitoka Same kuelekea Mwanga na Moshi unaipita: vumbi, maduka, watu wanasubiri usafiri, na upande wa kulia milima imesimama kama ukuta. Ipo na reli. Ni ile iliyoanza Tanga enzi za Mjerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1916 vita viliteremka kwa njia hiyo hiyo ya reli, kutoka Kahe kuja huku kwetu, kisha Same, kisha Buiko, Wajerumani wakirudi nyuma na Waingereza wakiwafuata. Sisi wa tambarare tuna mashamba na biashara huku chini, lakini mizizi iko juu. Juu ndiko kuna makaburi, na ndiko uliko mpungi.

Kwa asiyejua: mpungi ni kijimsitu cha ukoo. Zamani mzee alipofariki alizikwa kama kawaida. Baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa kwa heshima na kupelekwa mahali pa ukoo, chini ya jiwe, pangoni, au ndani ya chungu katikati ya miti. Mvua ikikosekana, au maradhi yakiwaandama watoto, wazee walipanda na dengelua na kondoo kwenda kuzungumza na waliotangulia. Kukata mti mle ilikuwa mwiko. Ndiyo maana ukitazama Pare ya Kaskazini leo, katikati ya mashamba ya migomba na kahawa unaona vichaka vidogo vizito vya miti mikubwa ambayo hakuna bwana misitu aliyeipanda wala kuilinda. Wakfu huo ni wa marehemu.

Wamisionari waliofika Upareni mwanzoni mwa karne ya 20 waliandika sana juu ya mambo haya. Dannholz wa Mbaga alitoa kitabu chake mwaka 1916, na Kotz, Msabato, akatoa chake mwaka 1922. Vyote viwili vina majina ya Kijerumani yanayosema kitu kimoja: watu hawa wamefungwa, mmoja anasema na imani ya mizimu, mwingine anasema na hofu. Sitabishana nao leo. Babu yangu mwenyewe alibatizwa, na hakuna fuvu lililopelekwa kule tangu kabla sijazaliwa. Katika ukoo wetu yumo imamu na yumo mzee wa kanisa, na wote wawili hawaendi mpungini. Lakini jaribu kuingia mle na shoka uone ni nani kati yao atakuwa wa kwanza kukushika shati.

Mwaka juzi mtu aliingia, si kwa shoka bali kwa jembe. Kwetu kuna imani isiyokufa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia walizika mali, na kila baada ya miaka michache hutokea vijana wenye "ramani" na kifaa cha kupima madini. Walichimba usiku. Hawakupata rupia. Walivunja vyungu viwili, vilivyokuwemo vikamwagika juu ya majani. Baba mdogo ndiye aliyeokota, kwa mikono yake, akavifunga kwenye kanga ya shangazi. Siku mbili hakusema na mtu.

Kwa hiyo msidhani tuliomba ruzuku kwa tamaa. Tulihitaji uzio, tulihitaji mlinzi, na njia ya kupandia inamomonyoka. Tuliweka mchango kwenye grupu la ukoo. Kwa msiba grupu lile hujaa ahadi ndani ya saa moja. Kwa mpungi walichangia sita.

*

Dada yangu ni muuguzi. Yeye hakuuliza juu ya umma. Aliuliza swali lake mwenyewe, jikoni, huku akikoroga makande: "Zahanati haina maji, wajawazito wanakuja na ndoo. Nyie mnakwenda kuiomba serikali hela za mafuvu?"

Hili ndilo pingamizi kubwa kuliko yote, na wapenzi wa historia tuna tabia ya kulikimbia kwa maneno matamu. Tunasema "taifa lisilo na historia ni sawa na mti usio na mizizi," tunapiga makofi, tunakwenda kunywa chai. Mwanamke mwenye ndoo hajajibiwa. Kama fedha ya serikali ni moja, na kiu ni kiu, kwa haki gani shilingi iende kwa aliyekufa wakati aliye hai anasubiri?

Jibu la kwanza linalotolewa na wengi ni utalii. Hifadhi gofu, wageni waje, walipe, zahanati ipate maji. Ndilo jibu la serikali yetu pia, kwa kiasi kikubwa. Malikale ziko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Magofu ya Kilwa siku hizi yanasimamiwa na mamlaka ya wanyamapori, na ya Kaole na wakala wa misitu. Silaumu, kila mtu anatafuta mahali pa kupata hela ya kazi. Lakini angalia jibu hilo linavyofanya. Linasema mahali pa kale pana haki ya kuishi kama panajilipia. Halimwambii dada yangu kwamba wafu wana haki fulani; linamwambia wafu watafanya kazi. Na mafuvu yetu hayawezi kufanya kazi hiyo bila kwanza kuacha kuwa yalivyo. Siku utakapouza tiketi mpungini, umeshapoteza mpungi. Utakuwa na maonyesho ya mpungi.

Jibu la pili linaanzia kwenye neno lenyewe. *Ruzuku* na *riziki* ni ndugu, wote wametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Mungu huruzuku, mja hupokea. Nadhani ndiyo maana mbele ya fomu ya ruzuku tunakaa kama waombaji, kofia mkononi, tayari kujibu ndiyo kwa kila swali. Lakini fedha ya serikali haishuki kutoka mbinguni. Inatoka Lembeni, kwenye sukari, kwenye vocha ya simu, kwenye nauli.

Na Wapare tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine, maana juu ya kodi tuna hadithi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mamlaka za wenyeji chini ya Mwingereza zilileta kodi mpya, zikaipa jina la ushuru wa jadi, *mbiru*. Kila mtu akadiriwe mali yake, alipe kulingana na makadirio. Watu walikataa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka huku kwetu, aliandika kijitabu kizima juu ya mkasa huo, kikatoka mwaka 1971. Kodi ya kichwa walikuwa wakilipa. Walichokataa ni mtu kuingia kwao, kuhesabu, na kuwaambia wana thamani gani, bila wao kuulizwa. Mambo yalipozidi kuwa marefu, wanawake wa Usangi wakamwendea mkuu wa wilaya wenyewe: amalize ugomvi huu awarudishie waume zao, ama sivyo awe yeye mume wao wote. Mwishowe kodi ile ikafutwa.

Nilikumbuka mbiru pale mezani kwa sababu fomu ilifanana nayo. "Kadiria thamani ya kihistoria ya eneo: ya juu, ya kati, ya chini." Nani anayekadiria? Kwa mizani gani?

Mizani ya sheria naijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichotengenezwa au kujengwa kabla ya mwaka 1863. Kilichokuja baadaye kinasubiri Waziri atangaze. Sheria yoyote lazima iweke mstari mahali fulani, sawa. Lakini tazama mstari huo unavyopita. Msikiti wa mawe wa Kilwa uko ndani. Reli ya Lembeni iko nje. Ule uwanja wa Same walipolala wapinzani wa mbiru uko nje. Na mpungi? Mpungi umekatwa katikati, maana vyungu havikuwekwa siku moja. Babu wa babu yake babu yangu analindwa na Jamhuri ya Muungano. Mwanawe, kwenye chungu cha pembeni, anasubiri tangazo.

Kwa hiyo kwa dada yangu ningesema hivi. Maji ni haki yako na usiyaachie. Lakini anayelipa kodi hakulipa ili anyweshwe tu kama mfugo. Amelipa kama mtu, na mtu ana waliomzaa. Serikali inayochimba kisima na kuacha makaburi ya watu wake yachimbwe na wezi wa usiku imewahudumia kwa nusu. Sisemi nusu zote zina uzito sawa. Kisima kwanza. Nasema tu kwamba "kwanza" haina maana ya "peke yake", na kwamba tukingoja visima vyote viishe ndipo tuwakumbuke wafu, hatutawakumbuka kamwe.

Dada alinijibu kwa ufupi: "Hayo kaandike." Nimeandika.

*

Kama fedha ya umma inaweza kwenda kwa wafu, bado kuna swali la wafu gani. Nchi yenye mfuko mdogo haichagui peke yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikatiwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014, na kati ya miaka hiyo ukarabati ulisimama kwa fedha za Wafaransa, Wajapani na Wamarekani. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ilikuwa kwenye matengenezo yanayogharamiwa na Oman ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi wawili. Nashukuru kwa kila jiwe lililosimama. Lakini anayelipa hulipa kwa jicho lake. Mwarabu anaona kasri la sultani, Mzungu anaona kanisa na gofu lenye matao. Jicho la nani litaona chungu cha udongo chini ya mti, milimani, kwa watu ambao hawakujenga kwa mawe?

Hata serikali tajiri huchagua. Toka Lembeni, pita Mwanga na Himo, vuka mpaka, unafika Taveta. Pale kuna makaburi ya kijeshi ya vita vile vile vilivyopita kwetu mwaka 1916. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa, majina yanasomeka. Yanatunzwa na tume iliyoundwa mwaka 1917 na kulipiwa hadi leo na serikali sita, ikiwemo ya Uingereza, na msingi wa tume hiyo tangu mwanzo ulikuwa kwamba wafu wote ni sawa. Mwaka 2021 tume yenyewe ilichapisha ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina, na wengine labda hawakukumbukwa kwa namna yoyote ile. Sehemu kubwa yao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri, wengi wakiwa wapagazi. Hawa ndio waliobeba risasi na unga kwenye njia zetu hizi, wakafa kwa kuhara na homa.

Nimewahi kusimama Taveta mchana wa jua kali, nikajaribu kuwachukia wale waliolala chini ya mawe safi. Sikuweza. Wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini. Kosa si nyasi zao kukatwa. Kosa ni kwamba fedha ya umma ilipoamua nani akatiwe nyasi, iliamua pia nani alikuwa mtu.

*

Turudi chini ya mwarobaini. Baba mkubwa aliuliza tena, safari hii kwa ukali: "Hii ni hifadhi? Kama ya Mkomazi?"

Watu wakacheka kidogo, lakini haikuwa mzaha. Mkomazi iko hapo hapo, mashariki ya milima, sehemu yake imo ndani ya wilaya zetu za Same na Mwanga. Ilitengwa mwaka 1951 kuwa pori la akiba. Kufikia mwaka 1988 wafugaji, Wamaasai na Wapare, walikuwa wameamriwa kutoka. Walikwenda mahakamani hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 2008 ikawa Hifadhi ya Taifa. Katika masikio ya mzee wa rika lake, neno *kuhifadhi* lina maana moja: utaondolewa, kisha utaruhusiwa kurudi kama mgeni mwenye tiketi.

Ndipo nikaelewa kwamba Kiswahili kimetupa maneno mawili tusiyoyatofautisha. *Kuhifadhi* na *kutunza*. Ukihifadhi kitu unakiondoa kwenye hatari, hata kama hatari yenyewe ni matumizi yake. Ukikitunza, unakiacha kwenye maisha yake na wewe unakaa karibu. Mtoto tunamtunza. Mzee tunamtunza. Nyama tunaihifadhi.

Unataka kuona kuhifadhi bila kutunza? Nenda Berlin. Pale iko taasisi kubwa ya makumbusho inayoendeshwa kwa fedha za serikali ya Ujerumani na majimbo yake, na katika ghala zake yalifanyiwa utafiti mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mengi ni ya Rwanda. Ya Tanzania ni 202. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu matatu na ndugu zao walio hai hapa Tanzania. Jirani zetu wa Kilimanjaro bado wanatafuta kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kwa zaidi ya karne moja mabaki haya yalikaa kwenye masanduku, yana namba, hakuna mwizi wa usiku mwenye jembe aliyeweza kuyafikia. Kwa vigezo vya fomu yangu, yale yamehifadhiwa kuliko ya kwetu. Vyungu vyetu vimeota kuvu na mizizi imepita ndani. Na bado hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kusema kwamba aliye kwenye rafu ya Berlin ana hali njema kuliko aliye chini ya mti Upareni.

Kwa hiyo kudumu si lengo. Kitu kinaweza kudumu katika fedheha. Fedha ya umma ikilipia kudumu tu, inaweza kulipia dhuluma kwa uangalifu mkubwa sana, kwa miaka mingi, pamoja na risiti.

*

Lakini sitaki kumkwepa aliyeandika swali la tisa. Naye ana hoja. Hela ni ya wote. Kwa nini wote walipie mahali ambapo hawaruhusiwi kuingia? Ukoo ukichukua fedha ya umma na kufunga mlango, umekula. Tumeona mengi ya namna hiyo, na kigezo cha uwazi kiliwekwa kwa sababu za haki.

Nilipokuwa nikifikiria nikatazama milima. Huko juu kuna misitu ya serikali, Kindoroko, Minja, inayolindwa kwa sababu ya vyanzo vya maji. Tunailipia sote. Mimi sijawahi kuingia Kindoroko, na dada yangu vilevile, na hatujawahi kulalamika kwamba hatukuona kijito kinapoanzia. Umma unanufaika na chanzo kwa kutokukanyaga. Hakuna anayeuliza "je, chanzo kitakuwa wazi kwa wageni?" Tunauliza maji yanafika?

Kama tunaweza kulipia chanzo cha maji kifungwe, tunaweza kulipia chanzo cha watu kifungwe. Uwazi unaotakiwa ni wa hesabu: hela imeingia kiasi gani, mlinzi kalipwa, uzio umesimama, serikali ya kijiji imekagua. Miili ya watu haidaiwi uwazi huo. Na *umma*, nadhani, ni zaidi ya wanaokuja kuangalia. Wamo wanaotunza. Wamo ambao hawajazaliwa. Sijui kama ni kufuru kwa imamu wetu au mzee wetu wa kanisa, lakini mimi nawahesabu na walio kwenye vyungu.

Nikaandika kwenye nafasi ya swali la tisa: "Hapana." Chini yake nikaeleza haya niliyoyaeleza hapa, kwa ufupi, nikaongeza kwamba vitabu vya hesabu vitakuwa wazi kwa yeyote, siku yoyote. Wazee wakasikiliza, wakaafiki. Binamu yangu hakusaini kwa furaha.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Mistari miwili. Ombi letu halikukidhi vigezo.

Binamu alinipigia simu usiku ule ule. "Ungeandika tu ndiyo! Nani angekuja kukagua huko milimani? Tungejenga uzio, tungefunga geti, basi. Kiburi chako kimetunyima hela." Sikulala vizuri. Kwa sababu huenda ni kweli. Ni rahisi mtu wa mtandaoni kulinda msimamo wake kwa gharama ya vyungu vya wengine. Kama wezi watarudi kabla hatujapata uzio, "Hapana" yangu itakuwa imesaidia nini? Nilimweleza baba mdogo maneno ya binamu. Alifikiri kidogo, akasema: "Ukianza kwa kuwadanganya serikali juu ya wafu, mwisho utawadanganya wafu juu ya serikali." Sijui kama hilo linatosha kuwa jibu. Nililipokea.

Mwezi wa nne, mvua zilipoanza, tulipanda vijana saba na yeye. Tumezungusha masale, yale majani ambayo tangu zamani yanawaambia watu wa milimani kwamba hapa ni mpaka. Mwizi wa mali ya Mjerumani hazuiliwi na masale, tunajua. Tumeweka pia waya kwa mchango wa wale sita, ambao sasa ni kumi na mmoja. Dada yangu ni mmoja wao. Alituma elfu ishirini na ujumbe: "Za uzio. Maji bado."

Mlinzi ni baba mdogo mwenyewe. Ana miaka sabini na minne na halipwi. Kila nikipiga simu ananiuliza kama nimesikia chochote kuhusu yale ya Berlin, kama yatarudi, na kama yakirudi yatapelekwa wapi, Dar kwenye rafu nyingine, au yataletwa milimani. Namwambia bado. Ananijibu kwamba ni vizuri basi, mahali pawe tayari, na kwamba kesho atapanda kuangalia masale kama yameshika.